Kutembea kwa miguu mashambani Uingereza: kutoka Chipping Campden hadi Broadway

Watu wetu wengi wanaoishi Uingereza, pamoja na wageni wanaowatembelea, huijua nchi ile kwa stesheni za treni, barabara kuu na maduka. Siku wakifika kijijini huzunguka mtaa mkuu, hupiga picha za nyumba za mawe, hunywa chai, kisha hurudi garini. Nyuma ya kanisa, hatua chache tu kutoka walipoegesha, kuna lango dogo la mbao lenye mshale wa njano, na hapo hawapiti. Ukiwauliza sababu, jibu ni lile lile: "Lile si shamba la mtu?"

Ni shamba la mtu, ndiyo. Na una haki ya kupita katikati yake, wewe na watoto wako, bila kumwomba mtu ruhusa na bila kulipa senti. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya yule anayesimama pale langoni akasita. Nitachukua njia moja ninayoipenda na inayomfaa anayeanza: ya kutoka mji mdogo wa Chipping Campden, ukapanda Dover's Hill, ukapita Broadway Tower, ukateremka hadi kijiji cha Broadway. Ni kama kilomita 10, katika vilima vya Cotswolds, magharibi mwa Oxford. Ukishaiweza hii, utaziweza njia za vijiji vingine vyote vya Uingereza, kwa sababu alama na taratibu ni zile zile.

Hatua ya 1: Ijue haki yako kabla ya kuvaa viatu

Uingereza na Wales zina mtandao wa njia za umma wenye urefu wa takriban kilomita 225,000. Njia hizi hazikuchorwa na wizara ya utalii. Nyingi ni za kale: ndizo watu walizopita kwenda kanisani, sokoni, kisimani au kwa jirani. Sheria ya kule inashikilia kwamba njia ikishakuwa ya umma hubaki ya umma mpaka ifungwe kwa utaratibu wa kisheria, hata kama shamba limeuzwa mara kumi. Zaidi ya hayo, Sheria ya Barabara ya mwaka 1980 inasema kwamba umma ukiitumia njia kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi na bila kuzuiwa, njia hiyo huweza kuhesabiwa kuwa mwenye ardhi ameitoa kwa umma. Halmashauri ya kila kaunti hutunza ramani rasmi ya njia hizo, na ramani hiyo ni ushahidi mahakamani.

Haki hii haikutolewa kama zawadi. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester na miji ya jirani, walipanda kwa makusudi mlima Kinder Scout ambao wenye ardhi walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano kati yao walifungwa jela. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya hifadhi za taifa, ambayo pia iliziagiza halmashauri ziandike njia zote za umma ramanini. Mwaka 2000 ikaja sheria iliyofungua milima na nyika nyingi ili watu watembee humo hata nje ya njia. Mtu anayetembea leo na sandwichi yake mfukoni anatembea juu ya jasho la watu wale, na haki hiyo haiulizi pasipoti wala rangi ya ngozi.

Haki yenyewe ina mipaka, na ni vizuri kuijua. Katika njia ya umma iliyo ndani ya shamba binafsi unaruhusiwa kupita, kusimama kupumzika, kutazama mandhari, kula ulichobeba. Huruhusiwi kutangatanga shamba zima, kupiga kambi, kuwasha moto wala kuchuma mazao. Ukibaki kwenye mstari wa njia, hakuna mwenye haki ya kukurudisha.

Hatua ya 2: Jifunze rangi za mishale

Hiki ndicho kisomo chote cha njia hizi, na mtoto wa miaka saba anaweza kukishika. Mshale wa njano ni njia ya wenda kwa miguu. Mshale wa buluu ni njia ya farasi, ambayo pia ni ya watembeao na waendesha baiskeli; ukisikia kwato au kengele nyuma yako, sogea kando. Mshale wa zambarau huongeza mikokoteni ya farasi. Mwekundu unaruhusu hata magari na pikipiki, kwa hiyo uwe macho hapo.

Mishale huwa imebandikwa kwenye nguzo za malango, kwenye vigingi, mara nyingine kwenye shina la mti. Usiuangalie tu kuona kama upo. Angalia unaelekea wapi. Ukielekea kushoto kidogo ya lango lililo mbele yako, maana yake njia inakata shamba kuelekea kushoto kidogo, hata kama wengine wamekanyaga nyasi kufuata ukingo.

Njia yetu ina alama ya ziada: tunda la mwaloni lenye kikombe chake. Hiyo ni nembo ya njia za kitaifa, na hapa inaonyesha Cotswold Way, njia ya kilomita 164 inayoanzia Chipping Campden na kuishia mji wa Bath. Sisi tutatembea kipande chake cha kwanza tu. Kila unapofika njia panda, tafuta lile tunda. Ukitembea robo saa bila kuliona, rudi hadi pale ulipoliona mara ya mwisho. Usibahatishe mbele.

Hatua ya 3: Pata ramani, na uisome nyumbani

Ramani zinazotegemewa kule ni za Ordnance Survey, shirika la serikali lililoanza kazi mwaka 1791. Unayoihitaji ni ya mfululizo wa Explorer, yenye jalada la rangi ya chungwa. Kwa eneo hili ni namba OL45. Katika ramani hiyo sentimita 4 ni kilomita 1, kwa hiyo unaona kila ua, kila nyumba ya shambani na kila kijito. Njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani: vifupi ni vya wenda kwa miguu, virefu ni vya farasi. Mistari myembamba ya kahawia ni ya mwinuko. Ikikaribiana, jiandae kuhema.

Ramani hizo zinapatikana pia kwenye programu ya simu, na simu inakuonyesha hapo hapo uliposimama. Ni msaada mkubwa. Lakini mabondeni mtandao hupotea na baridi hula chaji, kwa hiyo pakua ramani ukiwa bado nyumbani, beba pawabenki, na ukiweza uwe na ya karatasi. Jioni kabla ya safari, pitisha kidole juu ya njia yote. Angalia inavuka barabara wapi, mahali pa kupanda ni wapi, na ni wapi unaweza kukatisha safari ukichoka. Dakika 20 za kazi hiyo zitakuokolea saa nzima shambani.

Kukadiria muda, watembeaji wa kule bado hutumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa njia yetu hesabu hiyo inatoa kama saa mbili na nusu. Kwa familia yenye watoto, mapumziko, picha na chakula, weka saa nne na usiwe na haraka.

Hatua ya 4: Chagua majira na saa

Mei, Juni na Septemba ndizo nzuri kuliko zote. Mwezi Juni jua huzama kama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo hata ukichelewa bado unaona. Desemba giza huingia saa kumi jioni, na anayeanza kutembea saa saba mchana atamalizia gizani. Machi hadi Mei ni wakati wa kondoo kuzaa: malisho yamejaa vitoto, watoto wako watafurahi, lakini ndio wakati wa kutowasogelea kabisa. Agosti ni joto na vijiji vimejaa wageni, ingawa ukitoka mita 500 tu nje ya mtaa mkuu utajikuta peke yako.

Matope ndiyo hasa yanayoamua safari, kuliko hata baridi. Kuanzia Novemba hadi Machi malangoni, mahali ng'ombe hukusanyika, ardhi hugeuka uji unaofika kifundo cha mguu. Si hatari. Inachosha tu, na inaongeza muda.

Hatua ya 5: Vaa na ubebe inavyopasa

Viatu kwanza. Buti nyepesi zenye soli yenye meno na zinazozuia maji zinatosha. Raba za kawaida zinafaa kiangazi kukiwa kukavu. Soksi za sufu hubaki na joto hata zikilowa. Jinzi ziache nyumbani, kwa kuwa zikilowa huwa nzito, huganda baridi mwilini na hazikauki. Vaa nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine, na koti la mvua liwe begini hata kama anga ni buluu asubuhi. Hali ya hewa ya kule hubadilika kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Kina mama wanaopenda kuvaa nguo ndefu, nawashauri suruali pana chini na vazi la juu linaloishia magotini. Njiani kuna vipandio vya mbao vya kuvukia ua ambavyo inabidi uinue mguu juu, na gauni refu linanasa. Miguu iliyofunikwa pia inakukinga na thabai, ule mmea unaowasha ambao Wakikuyu huuchanganya na mukimo; Uingereza umejaa kando ya njia zote kuanzia Mei. Ukiwashwa hutaumia zaidi ya saa chache.

Anayestahili kuogopwa kidogo zaidi ni kupe. Wamo kwenye nyasi ndefu na majani makavu, na baadhi yao hubeba vijidudu vya ugonjwa wa Lyme. Chomeka suruali ndani ya soksi unapopita nyasi ndefu, jikague jioni nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani, na ukimkuta mtoe kwa koleo ndogo karibu kabisa na ngozi, ukivuta polepole bila kumkamua. Ikitokea baada ya siku au majuma alama nyekundu inayopanuka, au homa usiyoielewa, mwone daktari na umwambie ulitembea mashambani. Ugonjwa huo hutibika kwa antibiotiki, na ukiwahi ni vizuri zaidi.

Chakula kibebe. Chapati zilizoviringishwa na mayai, mahamri, ndizi, maji ya kutosha, na chupa ya chai ya tangawizi: hakuna mgahawa wa kijijini utakaokupa ladha hiyo ukiwa juu ya kilima na upepo unavuma. Kwa wanaokula halali tu hili ni muhimu zaidi, maana vijijini si rahisi kupata nyama ya halali. Pabu, yaani baa za kule, hata hivyo zisikutishe. Huuza pia chai, kahawa, soda na chakula cha mboga, familia huingia na watoto mchana, na hakuna atakayekulazimisha kunywa pombe. Vua buti zenye matope mlangoni au uliza kama unaweza kuingia nazo.

Hatua ya 6: Fika Chipping Campden

Kwa treni, stesheni ya karibu ni Moreton-in-Marsh, iliyo kwenye reli inayotoka London Paddington kupitia Oxford kwenda Worcester. Kutoka London ni kama saa moja na nusu. Hapo unapanda basi kwenda Chipping Campden. Mabasi ya vijijini ni machache na Jumapili yanaweza yasiwepo kabisa, kwa hiyo angalia ratiba ya siku yako mwenyewe, ya kwenda na ya kurudi, kabla ya kukata tiketi ya treni.

Kwa wenye gari nina ushauri mmoja unaoondoa wasiwasi wote: liegeshe Broadway, yaani mwisho wa safari, kisha asubuhi panda basi au teksi hadi Chipping Campden. Utatembea ukilielekea gari lako, na hakuna basi la mwisho la kukimbilia.

Fika mapema uuone mji. Nyumba za mtaa mkuu ni za mawe ya chokaa ya rangi ya asali, yaliyochimbwa katika vilima hivi hivi, na zilijengwa kwa fedha ya sufu. Katika karne za kati sufu ya kondoo wa Cotswolds ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo) na Italia, na watu wa hapa wakatajirika. Mmoja wao, William Grevel, aliyefariki mwaka 1401, amezikwa katika kanisa la St James, na maandishi ya Kilatini kwenye kaburi lake yanamwita ua la wafanyabiashara wa sufu wa Uingereza nzima. Nyumba yake bado imesimama mtaani. Karibu nayo kuna banda la soko la mwaka 1627, lenye matao ya mawe na sakafu iliyolika kwa nyayo. Ingia usimame chini yake. Kila shamba la kondoo utakalolipita leo ni mwendelezo wa biashara iliyolijenga banda lile.

Hatua ya 7: Panda Dover's Hill

Anzia kwenye banda la soko, ufuate mtaa mkuu kuelekea kusini-magharibi hadi kanisa Katoliki la St Catharine. Hapo tunda la mwaloni linakupeleka kulia na kushoto kwa muda mfupi kati ya nyumba, kisha unaingia Hoo Lane, kinjia kinachopanda taratibu. Nyumba zinaisha, lami inaisha, na unaanza kusikia ndege.

Huko juu utakutana na malango ya namna mbalimbali. Lile dogo linalobembea ndani ya ua wa nusu duara limeundwa ili mtu apite mmoja mmoja na mnyama ashindwe: lisukume, ingia kwenye kona, livute upande wako, toka. Malango mengine ya kawaida, kanuni ni moja. Liache kama ulivyolikuta. Lililofungwa lifunge, na usikie komeo likigonga. Lililoachwa wazi makusudi, limeegemezwa ukutani, liache wazi, huenda mkulima ameliacha ili mifugo ifike kwenye maji. Mkulima anaweza kuvumilia mengi kwa watembeaji, ila kondoo wake kukutwa barabarani hawezi.

Baada ya kama nusu saa unafika juu, mita 230 kutoka usawa wa bahari, na nchi inafunguka ghafla. Chini ni bonde la Evesham lenye bustani za matunda, na mbali magharibi, siku kukiwa na uwazi, inaonekana safu ya vilima vya Malvern. Eneo hili ni mali ya National Trust, shirika linalohifadhi ardhi na majengo ya kale, na unaweza kutembea juu yake upendavyo, si kwenye mstari wa njia pekee. Jina limetokana na Robert Dover, aliyeanzisha hapa michezo ya kila mwaka mnamo 1612 na kuiita Olimpick, karibu karne tatu kabla ya Olimpiki ya kisasa ya mwaka 1896. Bado inafanyika, Ijumaa baada ya sikukuu ya umma ya mwisho wa Mei, na mchezo mashuhuri ni wa wanaume wawili kushikana mabega na kupigana mateke ya miundini, suruali zao zikiwa zimesokomezwa majani makavu.

Hapa ndipo pa mapumziko ya kwanza. Kama wakati wa sala umeingia, pana nyasi safi na nafasi tele. Kibla kutoka hapa ni kusini-mashariki, yaani ukiwa umelipa mgongo bonde.

Kama una watoto wadogo au mzee, au wingu jeusi linakuja, geuka hapa urudi Chipping Campden kwa njia ile ile. Itakuwa kama kilomita 4 kwa jumla, na umeona sehemu nzuri ya safari yote.

Hatua ya 8: Mile Drive, barabara kuu, na ng'ombe

Ukitoka Dover's Hill utafuata barabara ndogo ya magari kwa kitambo. Haina njia ya pembeni. Tembea upande wa kulia, ukiyakabili magari yanayokuja, kwa mstari mmoja. Magari ya kule hupita kushoto kama ya kwetu, kwa hiyo akili yako tayari imezoea. Kisha tunda la mwaloni linakuingiza kwenye Mile Drive, ukanda mpana wa majani kati ya kuta na miti ambao hunyooka mbele kwa muda mrefu. Hapa ni tambarare kabisa. Mazungumzo hunoga hapa.

Kati ya hapo na barabara kuu utapita mashamba ya nafaka au malisho, kutegemea mwaka. Njia ikikata katikati ya ngano usiizunguke kwa kuona haya. Pita humo humo kwa mstari mmoja. Sheria inamtaka mkulima aliyelima juu ya njia ya namna hiyo airudishe ndani ya siku 14 na kuiacha na upana usiopungua mita moja. Ukizunguka pembeni ndipo unapokanyaga mazao yasiyo kwenye njia.

Sasa ng'ombe, ambao huwatia watu hofu kuliko kitu kingine. Mara nyingi hutazama tu na kuendelea kula. Ng'ombe vijana hukusogelea kwa udadisi, wakisimama unaposimama. Tembea bila kukimbia, nyanyua mikono polepole, watarudi nyuma. Wa kujihadhari naye ni ng'ombe mwenye ndama. Usipite kamwe kati yake na ndama wake. Ukikuta kundi la namna hiyo limelala juu ya njia, una ruhusa ya kuwazunguka kwa umbali na kurudi njiani mbele, tena ufanye hivyo mapema kabla hawajakutazama. Kama una mbwa, mfunge kamba katika kila shamba lenye mifugo. Lakini ng'ombe wakianza kuwakimbiza, mwachie mbwa kamba mara moja: wanamtaka yeye, na ana kasi kuliko wewe. Watu wameumia na hata kufa kwa kumng'ang'ania mbwa wao.

Baadaye unateremka hadi Fish Hill na kuvuka A44. Hii ni barabara ya magari ya kasi. Shika watoto mikono, subirini wote upande mmoja, vukeni pamoja.

Hatua ya 9: Broadway Tower na mteremko

Kutoka barabarani njia inapanda tena kidogo kwenye miti na malisho, na mnara unajitokeza mbele yako. Umesimama kwenye kilima cha mita 312, cha pili kwa urefu katika Cotswolds baada ya Cleeve Hill yenye mita 330. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa mchoro wa James Wyatt, kwa ajili ya familia ya Earl (cheo cha kikabaila) wa Coventry, na haukuwa wa vita wala wa ibada; ulikuwa wa kupamba kilima na kutazamia mbali. Baadaye mchoraji na mbunifu William Morris alikuwa akija kukaa humo na rafiki zake. Kupanda ndani ni kwa tiketi, lakini kusimama chini yake ni bure, na mandhari ya chini yanatosha kabisa. Jirani kuna mkahawa, na kwenye ua mkubwa utaona kulungu wekundu.

Vaa koti hapa hata kama una joto. Upepo wa juu hukausha jasho haraka, na mtoto aliyekuwa akilalamika joto ataanza kutetemeka baada ya dakika kumi.

Kuteremka hadi Broadway ni zaidi ya mita 200 kwenda chini, kupitia malisho ya kondoo, lango baada ya lango, kijiji kikionekana chini muda wote. Ni hapa magoti hulalamika na nyasi zilizolowa huteleza. Piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, na panapokuwa pakali shuka kwa kukata pembe. Fimbo ya kutembelea hupata thamani yake hapa. Mwisho njia inapita kati ya nyumba na kukutema kwenye mtaa mkuu wa Broadway, mpana, wenye miti na mikahawa.

Njiani utakutana na watu, na watakusalimu. Anayepita London bila kukutazama, huyo huyo akiwa shambani husema "morning" kwa kila anayempita. Itikia na uanze wewe pia. Wengi wao, ukiwauliza njia, watasimama na kukuelekeza kwa furaha, hata kukuambia lango gani lina matope.

Ikitokea dharura

Piga 999 au 112. Mahali mtandao ni hafifu, ujumbe mfupi unaweza kwenda pale simu isipopita, ila lazima uwe umejiandikisha kabla: tuma neno "register" kwenda 999 leo ukiwa nyumbani, na ufuate maelekezo utakayoletewa. Ukipiga, toa namba za gridi za ulipo, ambazo programu ya ramani huzionyesha. Filimbi begini haina uzito. Ishara ya kuomba msaada ni milio sita, subiri dakika moja, kisha rudia. Na kabla ya kuondoka, mwachie mtu mmoja ujumbe: tunaanzia hapa, tunaishia pale, tutakuwa tumefika saa fulani.

Ukikuta njia imezibwa, kipandio kimevunjika, au bango la kukufukuza limewekwa juu ya njia ya umma, usibishane na mtu. Piga picha, andika mahali, na uripoti kwenye tovuti ya halmashauri ya kaunti, ambayo ndiyo yenye wajibu wa kulishughulikia. Upande wa Chipping Campden ni Gloucestershire. Broadway yenyewe iko Worcestershire.

Safari ya pili

Ukiwa umeimaliza hii na miguu haikuuma sana kesho yake, rudi Broadway siku nyingine uendelee na tunda lile lile kuelekea kusini. Njia inapita kijiji cha Stanton, kisha Stanway, magofu ya abasia (nyumba ya watawa) ya Hailes, hadi mji wa Winchcombe. Hiyo ni safari ya kutwa nzima, karibu mara mbili ya hii, kwa hiyo ianze saa mbili asubuhi na uchague siku ndefu ya Juni.